Vyote vina jina, sasa chagua kwa mambo mengine

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kidogo kuhusu hili jambo la kuchagua chuo, maana kila mwaka barua za kukubaliwa zikishaanza kutoka naona wazazi na vijana wanabishana yale yale, na magazeti nayo yanachangia, mnatoa listi ya vyuo bora duniani ukurasa mzima na picha za yale majengo ya mawe ya zamani halafu basi, mmemaliza. Mimi nafundisha hisabati sekondari, na kwa vile nimezoea hizi fomu ndo wanafunzi wananiletea mimi, kwa hiyo nayaona kwa karibu. Ninachotaka kusema ni kwamba mtoto akishakubaliwa na vyuo viwili vitatu vikubwa, habari ya jina imeishia hapo. Vyote vina jina. Kuanzia siku hiyo muanze kuangalia vitu vinavyotofautiana kweli, na vipo, tena tofauti zake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Kuna baba alinijia na barua mbili za mwanae, kazishika kama hati ya kiwanja, akaniambia "mwalimu we niambie tu ukweli, kati ya hivi viwili kipi namba moja?" Nikamuuliza namba moja kwa listi ya nani? Akaona namtania. Lakini hebu angalieni wenyewe. Listi ya Shanghai imeanza 2003 na tangu ianze namba moja ni Harvard. Listi ya QS namba moja ni MIT, zaidi ya miaka 10 mfululizo. Times Higher Education wao wanasema Oxford tangu toleo la 2017. Halafu ile ya Wamarekani wenyewe, US News, inayopanga vyuo vya kwao tu, huko juu kabisa kwa miaka mingi kakaa Princeton. Sasa hapo tayari tuna namba moja nne na hakuna hata mmoja anayedanganya, kila mmoja anapima kitu chake.

Na wanapima nini? Shanghai asilimia 30 ya alama zinatokana na zawadi za Nobel na medali ya Fields (ile ya hisabati), 10 ni za watu waliowahi kusoma pale na 20 ni za walimu wa pale. Asilimia 20 nyingine ni makala zilizotoka kwenye majarida mawili tu, Nature na Science. QS wao sehemu kubwa kuliko zote ni maoni, yaani wanawauliza maprofesa duniani kote we unaona chuo gani kizuri, zamani hiyo ilikuwa asilimia 40 siku hizi wameishusha mpaka 30. Sasa mtoto wa miaka 18 anayeenda kuanza mwaka wa kwanza, profesa mwenye Nobel anamsaidia nini kama huyo profesa hafundishi mwaka wa kwanza kabisa, anashinda maabara na wanafunzi wake wa PhD? Sisemi listi ni za uongo, kwa mtu anayetafuta pa kufanya utafiti zina maana yake. Ila hazijibu swali la yule baba.

Halafu kuna ya Columbia ambayo nashangaa watu wameisahau haraka hivi. Mwaka 2022 profesa wao wenyewe wa hisabati, Michael Thaddeus, alikaa chini akazipitia takwimu ambazo chuo chake kilikuwa kinawapelekea US News akaona haziendani na anachokiona kazini kila siku. Chuo kilikuwa kinasema madarasa yenye wanafunzi chini ya 20 ni asilimia 82 na ushee. Walipokuja kutoa hesabu upya ikawa kama 57. Columbia ilikuwa ya 2, ikashuka mpaka ya 18 kwa mwaka mmoja, na mwaka uliofuata wakatangaza kwamba kwenye listi ya digrii ya kwanza hawatashiriki tena. Sasa mjiulize, kati ya namba 2 na namba 18 pale chuoni kilibadilika nini? Maprofesa ni wale wale, maktaba ile ile, mwanafunzi aliyekuwa darasani Jumatatu na Jumanne yuko palepale. Yule baba alikuwa anataka kuamua kwa tofauti ya nafasi 4, sijui 5.

Najua kuna mtu atasema ajira je, jina linafungua milango. Hapo kuna utafiti mzuri wa aina mbili na watu wanauchanganya, kila mmoja anachukua nusu inayomfurahisha. Watafiti Dale na Krueger mwaka 2002 walilinganisha watu waliokubaliwa na vyuo vinavyofanana, wengine wakaenda chenye jina kubwa zaidi wengine wakaenda chenye jina dogo, baadae mishahara yao ikaonekana haipishani sana. Kwamba mtu mwenye uwezo anabeba uwezo wake popote. Ila waliona tofauti kwa waliotoka familia zenye kipato kidogo, hao chuo chenye jina kiliwasaidia. Kisha 2023 akina Chetty, Deming na Friedman wakaja na data nyingi zaidi, wakalinganisha Ivy League (vile vyuo 8 vya Marekani kama Harvard, Yale na Princeton) pamoja na wenzao wachache, dhidi ya vile vyuo vikuu vya serikali za majimbo, mshahara wa wastani nao wakakuta haupishani sana, lakini nafasi ya kuingia kwenye asilimia 1 ya juu ya wenye kipato inaongezeka kwa nusu, na ya kuajiriwa kwenye makampuni yenye jina inafika mara 3. Haya, sasa soma vizuri wanalinganisha nini na nini. Ni chuo cha juu kabisa na chuo cha kawaida kizuri. Hakuna pale aliposema Yale inakulipa kuliko Princeton au Stanford inampita MIT. Ukiwa na barua mbili zote za huko juu, utafiti huo haukusaidii kuchagua, umeshapita mlango huo.

Basi tuje kwenye tofauti zenyewe.

Ya kwanza na kwangu ndo kubwa, ni je mtoto anajua anataka kusoma nini au hajui? Uingereza unaomba somo. Unaomba fizikia unasoma fizikia tangu wiki ya kwanza, miaka 3 au 4 unatoka, kubadilisha katikati sio jambo la kutegemea. Marekani unaomba chuo, na vyuo vingi unachagua somo la kubobea mwaka wa pili, kwa hiyo aliyeingia na ndoto ya uchumi anaweza kutoka na biolojia na hakuna atakayemshangaa. Kwa kijana anayelala na kuamka na hisabati, Cambridge ni raha tupu, hakuna wa kumlazimisha insha za historia. Kwa kijana ambaye mwezi wa 3 alitaka kuwa mwanasheria na mwezi wa 6 anataka kutengeneza roboti (na ndo wengi bana, tuseme ukweli), Cambridge hiyo hiyo inaweza kuwa mateso. Wote wawili wana akili. Na Oxford na Cambridge huwezi kuomba vyote kwa mwaka mmoja kwa digrii ya kwanza, lazima uchague kimoja kabla ya 15 Oktoba, kwa hiyo uamuzi huo unakuja mapema kuliko wengi wanavyojua, mimi kila mwaka napata mtu anakuja Novemba.

Udaktari ndo balaa. Mzazi anakuja anasema mwanangu anataka udaktari nampeleka Princeton. Princeton haina kitivo cha tiba. Haina cha sheria wala shule ya biashara pia. Na hata Harvard ambayo inacho, tiba Marekani ni baada ya digrii ya kwanza, kwa hiyo ni miaka 4 halafu unaomba upya halafu miaka 4 mingine, na vitivo vingi vya tiba kule havichukui kabisa mwanafunzi asiye raia au mkazi. Uingereza unaanza tiba moja kwa moja ukitoka sekondari. Hili peke yake lingetosha kumaliza mabishano kwenye nyumba kadhaa ninazozijua.

Hata ndani ya Marekani penyewe, vyuo ambavyo mtu anaviona ni kundi moja vimepishana sana. Brown tangu 1969 haina masomo ya lazima ya jumla, unajipangia mwenyewe. Columbia ina masomo ya msingi ambayo wote mnapitia, vitabu vile vile vya falsafa na fasihi, huo utaratibu una zaidi ya miaka 100. Caltech digrii ya kwanza ina wanafunzi kama 1,000 tu chuo kizima, kuna sekondari zinazidi hapo, wakati Berkeley wanapita 30,000. MIT muhula wa kwanza hawaandiki alama ukifeli, ama umefaulu ama somo halionekani kabisa, wanakupa muda uzoee. (Ila kuogelea ni lazima, ufaulu mtihani wa kuogelea au uchukue darasa lake, usicheke, ipo kwenye masharti ya kuhitimu.) Stanford, Chicago na Dartmouth wanakwenda kwa mihula mifupi ya kama wiki 10, ukiumwa wiki mbili umeachwa. Mtoto mmoja hawezi kufaa sawasawa sehemu zote hizi, haiwezekani.

Na kuna mtego wa kompyuta ambao naona unanasa wengi sasa hivi. Kwenye vyuo vikubwa vya serikali za majimbo vyenye jina kwenye sayansi ya kompyuta, kama Illinois au Washington ya kule Seattle, kukubaliwa na chuo na kukubaliwa na kompyuta ni vitu viwili tofauti. Anaingia kwa somo lingine akijipa moyo kwamba ataruka akishafika, kumbe mlango huo ni mwembamba sana au umefungwa kabisa. Berkeley nao siku hizi wanachukua watu wa kompyuta moja kwa moja tangu maombi. Kwa hiyo barua isomwe yote mpaka mstari unaosema umekubaliwa kwenye nini, sio "Congratulations" halafu mnaanza kupigiana simu ukoo mzima.

Swali la pili, nani atamfundisha mwaka wa kwanza? Hapa vijana wangu huwa nawaambia waandike wiki moja ya masomo kwenye karatasi, Jumatatu mpaka Ijumaa, kwa kila chuo. Tulifanya hivyo na binti mmoja tukakuta upande mmoja kalkulasi iko kwenye ukumbi wa mamia ya watu, mara tatu kwa wiki, halafu mara moja wiki nzima wanagawanywa vikundi kwa mwanafunzi wa PhD, na huyo ndo anasahihisha, ndo anajibu maswali, ndo atakayemjua kwa jina kama yupo wa kumjua. Upande wa pili ilikuwa Oxford, mihadhara ipo lakini kiini ni ile tutorial, mwanafunzi mmoja, wawili au watatu tu mbele ya mwalimu, na kazi waliyoiandika wiki hiyo iko mezani inachambuliwa. Muhula ni wiki 8. Huwezi kujificha. Binti aliangalia ile karatasi muda mrefu akasema mwalimu mimi hapa nitakufa, mi napenda nikae nyuma nisikilize kwanza. Basi, umeshajijua, na kujijua hivyo kuna faida kuliko listi kumi. Kuna wenzake ambao ukumbi wa watu mia tatu ndo unawaua, wanapotea mpaka mwezi wa 12 hakuna aliyegundua kwamba hawaji.

Kwa vyuo vya Marekani kuna waraka unaitwa Common Data Set, vingi vinautoa kila mwaka na upo bure kwenye intaneti. Nenda sehemu ya I utakuta ukubwa wa madarasa umepangwa, mangapi yana watu 2 mpaka 9, mangapi yanazidi 100. Sehemu ya H ni misaada ya fedha. Sehemu ya B utaona wangapi wanamaliza. Unachosha kuusoma, umejaa majedwali, lakini ndani yake kuna majibu ambayo yale mavipeperushi yenye picha za vijana wamelala kwenye nyasi hayatakupa.

Haya, fedha. Hapa ndo nakaaga na wazazi muda mrefu, kwa sababu barua za msaada wa fedha zimeandikwa kwa namna ambayo hata mimi wa hesabu huwa nazirudia. Niliwahi kukaa na familia yenye barua mbili, chuo cha kwanza kilikuwa kimeandika msaada mkubwa na chuo cha pili msaada mdogo kiasi, na wao walishaamua cha kwanza. Tukaanza kushuka mstari kwa mstari. Kwenye ile ya kwanza, chini ya neno "msaada", kulikuwa na ruzuku, sawa, hiyo hairudishwi. Mstari wa pili mkopo. Mstari wa tatu kazi za chuoni, yaani fedha ambayo mtoto ataipata kwa kufanya kazi, akikosa kazi au akishindwa haipo. Vyote vimejumlishwa pamoja chini, jumla imekolezwa wino. Tulipotoa mkopo na kazi, ule msaada mkubwa ukawa mdogo kuliko wa chuo cha pili ambacho chote kilikuwa ruzuku. Halafu bima ya afya haikuwepo kwenye hesabu ya gharama na nauli ya ndege hakuna. Mama akasema "kwa hiyo wametuhesabia deni letu kama zawadi." Ndo hivyo hivyo mama.

Wazazi wengi wanadhani pia mtoto akiwa na A zote Harvard watampa skolashipu ya A zake. Hawatoi. Vyuo vya Ivy League vimekubaliana havitoi fedha kwa ajili ya alama wala michezo, wanatoa kwa kuangalia hali ya familia tu. Kwa wasio raia, kuna vichache ambavyo haviangalii uwezo wako wa kulipa wakati wa kuamua kukuchukua na vinakidhi upungufu wote, Harvard, Yale, Princeton, MIT, Dartmouth, Amherst, Bowdoin, na Brown imeingia kwa wanaoanza 2025. Stanford kwa wasio raia inaangalia. Princeton tangu 2001 waliondoa mikopo kwenye msaada wao wakaweka ruzuku. Kwa upande wa Uingereza watu wananitajia skolashipu za Rhodes na Gates Cambridge, hizo ni za digrii za juu, kijana wa digrii ya kwanza hazimhusu. Kwa digrii ya kwanza misaada kamili kwa mgeni kule ni michache sana na hilo lijulikane kabla ya kuomba, sio baada ya kupata nafasi mtoto ameshawatangazia rafiki zake.

Na msiingie kichwa kichwa kwenye yale maombi ya mapema yanayofunga, Early Decision, wanayo Columbia, Penn, Cornell, Brown, Dartmouth. Ukikubaliwa umefungwa, unaondoa maombi mengine yote, kwa hiyo hakuna barua ya pili ya kulinganisha nayo. Mwenye fedha zake haimsumbui. Anayehitaji msaada anakuwa ametupa silaha yake, maana kuna vyuo ukiwaonyesha barua nzuri zaidi ya mwenzao wanarudi kuangalia upya hesabu yao. Wanaweza kukataa, ila kuuliza hakuna anayekufutia nafasi yako, barua fupi tu ya heshima na nakala ya ile nyingine.

Kuhusu kwenda kuangalia chuo kwanza, wachache wana uwezo huo na mimi siuthamini sana, jua likiwaka kila chuo ni kizuri. Bora kumtafuta mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu wa kozi ile ile, sio yule aliyepangwa na ofisi ya udahili, umuulize mara ya mwisho umeongea na mwalimu ana kwa ana lini, na wenzako walioacha kozi waliiacha kwa nini. Wa kozi ile ile nasisitiza, maana wa historia hatakwambia chochote kuhusu maabara za kemia.

Mwisho kuna wale waliowekwa kwenye listi ya kusubiri, hao wana homa yao wenyewe. Marekani siku ya kujibu kwa vyuo vingi ni 1 Mei. Ukiwa unasubiri chuo fulani kikubwa, kubali na ulipie nafasi kwenye chuo kilichokuchukua kabla ya tarehe hiyo, usikae mikono mitupu, halafu kule kwingine endelea kusubiri kama bado unakitaka. Kikija kukuita mwezi wa 6, muulize kwanza habari ya fedha, kwa sababu walioitwa mwisho kuna vyuo vinawapa kidogo au havina kitu kabisa kilichobaki, na huwa wanakupa siku chache sana za kujibu.

Mhariri, mkitoa tena ile listi yenu mwaka huu, pembeni ya kila chuo tuwekeeni basi safu mbili zaidi, moja mtu anachagua somo lini, na nyingine kama kinawapa msaada wageni au la. Picha za majengo punguzeni nafasi itatosha.

Mwalimu wa hisabati, msomaji wenu wa siku nyingi